Nyoka wa Pili wa Kidawa

Akina mama wa La Rochelle, mtaa wetu huku Johannesburg, wakitaka kununua kitu cha maana, friji au kochi au kitanda cha mtumba, hawaendi peke yao. Humpitia Kidawa. Mwanamke huyu wa Wete, Pemba, anauza madera, udi na hina kwenye kibanda kando ya barabara, na ukimtajia bei ya kwanza ni kama umemtukana. Atakiponda kitu mpaka mwenye duka naye aanze kukitilia shaka. "Mlango mbona umepinda? Na rangi hii, nani anaitaka leo?" Kisha huondoka polepole akiburuza ndara zake, na kabla hajafika mlangoni husikia, "Mama, mama, rudi tuongee." Hajawahi kuondoka asiitwe. Alijivunia hilo kuliko hata mapishi yake, na mapishi yenyewe, tuseme kweli, si ya kujivunia.

Basi mwanamke huyo, simba wa soko, aliogopa kitu kimoja tu duniani: nyoka. Msimcheke. Wengi tuliozaliwa pwani tulifundishwa mapema kwamba ukimwona nyoka humuulizi jina wala ukoo, unatafuta fimbo.

Alipanga chumba na jiko, yeye na bintiye Samira. Baba mtu, Ameir, alikwenda Pemba kuzika shangazi yake akaoa huko huko, na huyo tumwache na mkewe mpya. Mwaka 2018 Samira alikuwa na miaka kumi na sita, mzaliwa wa hapa hapa Johannesburg. Kiswahili alikisikia chote, ila kujibu alijibu kwa Kiingereza, na mama yake alishazoea. Alikuwa mtoto mkimya, wa vitabu, asiyejua kuzurura. Alikuwa akiwasuka wenzake nywele na kuweka akiba, na Kidawa akawa na hakika kwamba mwanawe anataka simu mpya. Kumbe wapi! Mtoto alikwenda na rafiki yake wa shule kwenye maonyesho ya wafugaji wa nyoka, akanunua nyoka mdogo wa rangi ya chungwa, wa aina ambayo wafugaji wanaiita nyoka wa mahindi, asiye na sumu hata chembe. Akamweka kwenye boksi la plastiki uvunguni mwa kitanda, akanyamaza. Angemwanzaje mama yake?

Jumamosi moja ya mwezi wa Juni, baridi ya Joburg imekaza na Samira yuko maktaba, yule nyoka alitoka kwenye boksi lake, akafuata joto, akajikunja nyuma ya friji. Kidawa akasogeza friji ili afagie.

"Yarabi toba!"

Mchi wa kinu ulikuwa karibu. Alipiga kwa nguvu zake zote, akapiga tena, na hata nyoka alipokwisha kutulia aliendelea kupiga kwa sababu mikono ilikuwa haisikii. Jirani yake wa chumba cha pili, Mama Thérèse, Mkongo mwenye sauti ya kuamsha mtaa, alikuja mbio akapiga vigelegele. "Eee, mama wa nguvu! Umeua nyoka peke yako!" Wakamtundika kwenye fimbo, wakaisimamisha getini, watu wakaja kupiga picha. Kidawa alisimulia akachoka, akasimulia tena. Siku ile alikuwa malkia wa barabara nzima.

Samira aliporudi, aliona kundi la watu kabla hajaiona fimbo.

"Njoo, njoo uone mama yako alivyokuokoa!" Kidawa alimwita.

Mtoto akasogea. Akatazama kwa muda. "Alikuwa wangu," alisema.

Hakulia. Alimtoa nyoka kwenye fimbo, akavua mtandio wake akamviringisha ndani yake, watu wakampisha njia. Kisha akaingia ndani, akafunga begi, akaenda Doornfontein kwa mama yake mdogo, Zubeda, aliyekuwa akiishi kwenye ghorofa na kushona mashuka karibu na hapo. Kidawa alisema huyo njaa itamrudisha. Eish, alijidanganya, kwa maana Zubeda anapika.

Wiki zikapita. Kidawa akipiga simu, simu haipokelewi. Akituma ujumbe, unasomwa na haujibiwi. Chumba kikawa kikubwa. Jioni alijikuta akipakua sahani mbili, na ya pili akiirudisha sufuriani huku akimlaumu mtoto kwa sauti, kama vile yuko pale anasikia.

Siku moja Zubeda alimpigia. "Dada, huyu mtoto hana hasira. Ana msiba."

"Msiba wa nyoka?"

"Msiba ni msiba. Muombe radhi."

Lo! Hapo Zubeda aligusa penyewe. Nyumbani kwao Wete, Kidawa hakupata kumsikia mzazi akimwomba mtoto radhi. Mzazi akikosa, kesho yake huchinjwa kuku, au mtoto hushonewa gauni, na kila mtu huelewa bila neno kusemwa. Ndivyo alivyolelewa na hakujua namna nyingine. Kusema "nisamehe" kwa mtoto aliyemzaa mwenyewe kulimkwama kooni kama mwiba wa samaki.

"Nitamnunulia mwingine," alisema.

Zubeda alinyamaza mpaka Kidawa akadhani salio limekwisha.

Mwezi wa Septemba yale maonyesho ya wafugaji wa nyoka yalikuwa Benoni, mashariki mwa Johannesburg. Kidawa alipanda teksi mbili, zile za huku za abiria wengi kama daladala, amevaa buibui lake la heshima na kukumbatia mkoba, akisoma Ayatul Kursi tangu mlangoni. Ndani ya ukumbi zilipangwa meza ndefu, na juu ya meza vibakuli vya plastiki kama vya kuwekea aiskrimu, na ndani ya kila kibakuli nyoka mmoja amejikunja. Weusi, weupe pe, wa manjano, wa madoa. Watu walikuwa wakiwachagua kwa utulivu kama wanaochagua nyanya. Kijana mmoja alipita na nyoka shingoni anakula chipsi, na Kidawa akashika ukuta. Miguu ilitaka kurudi stendi ya Benoni. Lakini akakumbuka sahani ya pili, akaendelea.

Alimwona mahali pa mwisho, kwenye meza ya mama mmoja wa Kikaburu, mnene, mwenye aproni ya maua, anayefuma soksi huku akiuza. Watu walimwita Tannie Drienie, na tannie kwao ni kama kusema mama mkubwa. Nyoka alikuwa wa rangi ya chungwa, mdogo, pacha wa yule wa kwanza. Moyo ulimpasuka Kidawa kumwona, na kwa kuwa moyo ulimpasuka, akafanya kile anachokifanya siku zote akikipenda kitu. Akamponda.

"Huyu mbona mwembamba hivi?" alisema kwa Kiingereza chake cha sokoni. "Anaumwa? Rangi yake imefifia. Na kichwa hiki, kimepinda au macho yangu? Nyoka kama huyu nani atamchukua? Punguza, nikusaidie mzigo."

Tannie Drienie aliacha kufuma. Alikivuta kibakuli, akakifunika, akakiweka chini ya meza.

"Basi mwache," alisema.

Kidawa hakushtuka. Akaona biashara ndiyo imeanza. Akavuta mkoba begani, akageuka, akaanza kuondoka kwa ule mwendo wake, polepole, ndara zikiburuzika, sikio limebaki nyuma. Akafika meza ya pili. Kimya. Akapunguza mwendo, akajifanya anatazama kinyonga. Kimya. Akauzunguka ukumbi mzima, akipita katikati ya nyoka zaidi ya alivyowahi kuota kwenye jinamizi, na aliporudi pale alimkuta yule mama anaendelea na soksi yake wala hajainua macho.

Hapo ndipo jasho lilipomtoka. Maisha yake yote hajapata kuondoka asiitwe.

"Mama," alisema, na safari hii sauti ilikuwa nyingine. "Hujaniita."

"Nikuite ya nini? Nimemtoa huyu kwenye yai kwa mikono yangu. Nimemlisha mimi. Umesema anaumwa, ana sura mbaya, hana wa kumchukua. Siwezi kumpeleka kwenye nyumba ambayo hawampendi."

Masikini Kidawa! Ndiyo kwanza akaelewa. Pale mezani hapakuwa na bidhaa. Alikuwa amekwenda kuposa, akaanza kwa kumtukana bibi harusi.

"Sisi kwetu," alisema, "kitu tukikipenda ndiyo tunakisema vibaya. Ili tukipate."

"Kwa hiyo unampenda?"

"Hapana. Namwogopa, Mungu anajua. Anayempenda ni binti yangu."

"Mmewahi kufuga?"

Angeweza kudanganya. Amedanganya mengi mbele ya mafriji na makochi. Lakini yule mama alikuwa akimtazama juu ya miwani kama wanavyotazama wakunga, na Kidawa alikuwa amechoka kwa miezi mitatu ya ukimya.

"Binti yangu alikuwa naye mmoja kama huyu," alisema. "Mimi sikujua. Nikamuua kwa mchi. Nikamtundika getini watu wamwone, na mwenyewe akaja akamkuta pale. Sasa hakai nami tena. Ndiyo nimekuja."

Tannie Drienie alivua miwani, akaifuta kwa aproni. "Wanaonunua kwangu wananiambia mambo matamu," alisema mwishoni. "Wewe ndiye wa kwanza kuniambia baya lako. Njoo huku nyuma ukae. Lete mkono."

"Mkono?"

"Simuuzi mtu asiyeweza kumshika. Ndiyo sheria yangu."

Kidawa alikaa, akafumba macho, akasema bismillahi, akanyoosha mkono, bangili zikalia. Alisubiri utelezi, maana siku zote aliambiwa nyoka anateleza. Hakukuwa na utelezi. Kilichompanda kiganjani kilikuwa kikavu, chepesi, kimepoa kama khanga iliyotoka kuanuliwa, na kikajizungusha kwenye vidole vyake kikatulia. Alifumbua jicho moja. Nyoka alikuwa ameegemeza kichwa kwenye pete yake.

"Amelipenda joto lako," alisema Tannie Drienie.

Kidawa alilipa bei ya kwanza, ileile, bila kutoa neno. Alielezwa boksi la namna gani, zulia dogo la umeme la kulaza chini yake, panya waliogandishwa wanaouzwa kwenye pakiti, ayeyushe mmoja kwa maji ya vuguvugu kila wiki. Akaahidi kumtunza vizuri. Akakifungia kibakuli ndani ya buibui, tumboni, kisipate baridi, na kwenye teksi dada mmoja akampisha kiti akidhani ana mimba. Mwanamke wa miaka hamsini! Hakumkatalia, akashukuru akakaa.

Alikwenda moja kwa moja Doornfontein. Zubeda alimfungulia, akaona kibakuli, akapiga ukelele akajifungia jikoni. Samira alitoka chumbani. Alikuwa amekonda, na Kidawa alitaka kumkumbatia, lakini akanyoosha mikono akampa kibakuli.

"Haya, nimekuletea mwingine," alisema. "Kama yule yule."

Samira alikitazama kibakuli, akamtazama mama yake.

"Nyoka si kikombe, mama," alisema, "kwamba ukivunja kimoja unanunua kingine."

"Nimemshika kwa mkono wangu, Samira. Mimi!"

"Nashukuru. Sitamchukua."

"Na humu ndani nyoka hatalala!" Zubeda alipiga kelele kutoka jikoni.

Basi Kidawa akarudi La Rochelle na nyoka wake tumboni, akalia njia nzima, na dereva, aliposimama kwenye robot, yaani taa za barabarani, akamgeukia akamuuliza kama uchungu umeanza.

Kama ni wewe ungefanya nini? Ungemtupa? Kidawa aliwaza kumtupa. Lakini alikuwa ameahidi, na ahadi ni deni. Akanunua boksi, akanunua zulia la umeme. Panya waliogandishwa aliwaweka kwenye kopo chini kabisa ya friza, mbali na samaki wake, na kila wiki alimtoa mmoja kwa koleo la mishikaki, uso ameugeuzia ukutani, akisema, "Kula, mgeni, kula haraka tuachane." Mama Thérèse aliapa kutokanyaga tena chumba kile. Kisha akaanza kuja kuchungulia wakati wa kulisha, amejifunga kitambaa puani, akiuliza kama mgeni amekula.

Mambo huzoeleka kidogo kidogo. Ulipokuja mgao wa umeme mwanzoni mwa 2019, zulia likapoa, na Kidawa akamtoa nyoka kwenye boksi, akamtia kwenye mfuko wa kitambaa, akajifunga naye tumboni kwa khanga, akauza madera hivyo hivyo mchana kutwa. Wateja hawakujua. Akaanza kumsimulia: nani amekopa na anajifanya haoni, viazi vimepanda bei, Samira alikuwa akimaliza maandazi yote angali mdogo. Nyoka ni msikilizaji mzuri, hakatizi. Samira naye alikuwa ameanza kujibu ujumbe, neno moja moja: ndiyo, hapana, salama. Hakuuliza habari za nyoka, na Kidawa hakuthubutu kumtajia.

Alhamisi moja ya mwezi wa Machi, kama ada ya usiku wa kuamkia Ijumaa, Kidawa alifukiza udi. Alikuwa amepata udi mzuri kutoka Unguja, akauachia moshi ukajaa chumba kizima. Asubuhi alipofunua boksi, macho ya nyoka yalikuwa meupe. Yale macho madogo meusi yaliyokuwa yakimfuata akipita, yalikuwa yamefunikwa na ukungu. Rangi nayo imekufa, kama nguo iliyofuliwa kwa jiki. Akamsogezea panya. Hakumgusa.

Kidawa alikaa chini sakafuni. Akapiga simu Doornfontein, na Samira akapokea.

"Nimekuulia wa pili!" Kidawa alisema, na kilio kikamtoka. Kilikuwa kilio cha matangani, kile cha kutoka tumboni, hakina aibu. "Nimemfukiza udi mpaka amepofuka, hali chakula, anakufa, mwanangu, nimemuua na huyu, mkono wangu una nini mimi, kila kilicho chako nakiua!"

"Mama, kwani unaye bado?"

"Ningempeleka wapi?"

"Usimguse," alisema Samira. "Nakuja."

Alifika amevaa kandambili za Zubeda na sketi ya kulalia ndani ya koti. Mama Thérèse alikuwa mlangoni anasali kwa Kifaransa. Samira akapiga magoti kando ya boksi, akamtazama nyoka, akamgeuza polepole, akamwangalia tumbo. Kidawa alikuwa amejiziba mdomo kwa upande wa khanga.

"Mama," alisema Samira, "hafi."

"Na macho?"

"Anataka kubambua ngozi. Ikikaribia, macho huwa hivi, na hali kitu. Baada ya siku chache atakuwa mzima. Wote hufanya hivyo. Udi haukumfanya chochote." Akatazama chumba: boksi lililofutwa likang'aa, kibakuli cha maji, koleo, mfuko wa kitambaa wenye mikanda ya khanga iliyoshonwa kwa mkono. "Amenenepa," alisema. "Umemlisha vizuri."

Kidawa alijaribu kucheka, ikatoka kwikwi. Walikaa chini wote wawili, boksi katikati yao. Mama Thérèse aliondoka akafunga mlango taratibu, jambo asilowahi kulifanya.

"Yule wa kwanza," Kidawa aliuliza baada ya muda, "alikuwa na jina?"

Samira alikunjakunja upindo wa koti.

"Usikasirike," alisema.

"Nani anakasirika?"

"Biubwa."

Biubwa lilikuwa jina la mama mzazi wa Kidawa. Alifariki Wete, Samira akiwa bado mchanga, na Kidawa hakuwa na nauli ya kwenda kuzika. Aliusikia msiba kwa simu, akakaa matanga peke yake katika chumba hiki hiki.

"Nyoka umempa jina la bibi yako?"

"Sikumjua bibi," alisema Samira, na machozi ambayo hakuyatoa siku ile getini yalikuwa yakimtiririka sasa. "Najua ulivyonisimulia tu. Ulisema alikuwa mkimya. Ulisema hapendi makelele, na wakati wa baridi alikuwa akijikunja penye joto. Nilipomwona nikamkumbuka. Nilitaka niwe naye."

Kidawa alimvuta mtoto wake, akamkumbatia kwa nguvu, kichwa chake akakiweka kifuani. Lile neno lililomkwama kooni tangu mwaka jana halikuwa na mwiba tena.

"Nisamehe," alisema. "Nisamehe, mwanangu. Nimekukosea. Nisamehe sana."

"Nimeshakusamehe, mama," alisema Samira. "Nilikusamehe kwenye simu, niliposikia unamlilia."